Jina Alilolikubali Mtoto

Shinyalu
6 Machi 1966

Kwa Dada Jael,

Naanza na salamu, nisije nikaambiwa nimepoteza adabu tangu uende Nairobi. Sisi tuko. Mama Kageha goti linamsumbua bado, lakini mdomo haujaumwa, anatugombeza tangu jogoo wa kwanza. Risper amejifunza kuhesabu hadi kumi, ila sita anairukanga kila mara, na ukimwambia anakasirika. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Na mimi mimba imefika mwezi wa nane, nikiinama kuokota kuni lazima mtu aniinue.

Dada, najua habari za ndugu yako umezisikia nusu. Wacha nikupe nusu nyingine.

Masinde alikuja likizo Krismasi kutoka jeshini, huko kaskazini kwenye vita vya mashifta, wale waasi wa mpakani. Mtu aliyeshuka kwa basi alikuwa na uso wake na kofia yake, lakini hakunicheka vile nilivyonenepa. Kitandani hakulala. Alikaa chini akiegemea ukuta, macho mlangoni. Siku ya tatu alichukua panga akafyeka migomba yote inayozunguka nyumba, hata ile iliyokuwa na mikungu michanga. Mama alilia kama amefiwa. Yeye akasema, "Sasa nitaona mtu akija." Halafu akachimba shimo nyuma ya jiko, refu kama mtu, akawa anashinda humo. Majirani walipouliza nilisema tunachimba choo. Wakasema, "Karibu hivyo na jiko?" Nikasema ni mtindo wa mjini.

Hayo yote ningevumilia. Lakini Risper alimpelekea kiazi, akamjia kwa nyuma, akamgusa bega. Dada, alimshika mtoto shingo akamlaza chini. Mimi ndiye nilifungua vidole vyake, kimoja kimoja. Alipoona ni nini ameshika, alikaa chini akalia mpaka kamasi. Kesho yake akatembea kwa miguu hadi Kakamega, akajipeleka mwenyewe kwa wakubwa, akasema yeye ni mgonjwa. Aliniambia, "Ayuma, sirudi mpaka niaminike na mtoto."

Nimemwandikia mara tatu, hajibu. Wewe unafua nguo kwenye hiyo hospitali waliyompeleka. Nenda umwone. Niambie wanamfanya nini, na kama atarudi kabla huyu wa tumboni hajamsahau baba yake ambaye hajamwona.

Na jambo lingine. Usingizini alikuwa anaitanga jina moja, Kibiwott. Nilipomuuliza alisema, "Rafiki yangu, tulikuwa hema moja. Alikufa." Akaenda shimoni.

Ni mimi,
Ayuma, mama Risper


Nairobi
2 Aprili 1966

Bibi yetu Ayuma,

Pole kwa kungoja. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye mfuko wa aproni, nikiisoma kila nikianika mashuka. Mimi ni mzima, mikono tu imekuwa ya bibi kizee kwa sabuni. Mwambie Mama yale mafuta niliyomletea ni ya kuchua goti, asiyapikie mboga kama alivyofanya mwaka jana. Na wewe wacha kuinamia kuni. Risper aokote, ahesabu hadi kumi, hata akiruka sita moto utawaka.

Nimemwona ndugu yangu. Nilimwomba matroni anitoe dobi aniweke wadi ya askari, kupeleka chai na kupiga deki. Matroni aliniapisha: kinachosemwa ndani kinabaki ndani, hata kama mgonjwa ni ndugu yako wa tumbo moja. Nikaapa. Kwa hiyo usiniulize maneno yake. Nitakuambia niliyoyaona kwa macho.

Kwanza walimlaza kwa sindano. Alilala siku nyingi, akiamshwa tu kunywa uji na kushikwa mkono kwenda msalani. Alipoamka alikuwa amekonda, lakini macho hayarukiruki tena. Sasa wameanza matibabu yenyewe. Daktari ni Mhindi mfupi anayevaa soksi nyekundu. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa tatu asubuhi, anakaa na Masinde kwenye chumba kidogo, anamwambia afumbe macho aeleze siku moja. Siku ile ile moja, tangu chai ya asubuhi. Masinde akimaliza, daktari anasema, "Tena." Akimaliza, "Tena." Hivyo hadi saa tano. Mchana anapewa karatasi aiandike siku hiyo, na jioni anasomewa alichoandika.

Mimi niliona ni ukatili, nikamwambia daktari hivyo hivyo, huku nimeshika ufagio. Hakukasirika. Alisema, "Mama, jambo hili humjia wakati linapotaka. Mimi nataka siku moja yeye ndiye aliite, na yeye ndiye aliambie liondoke."

Kuna mahali katika hadithi akifika anatapika. Ndoo ninayo mimi. Juzi aliniambia, "Jael, usimwambie Ayuma nimekonda." Sasa nimekuambia.

Kuhusu barua, haki yake nimpe. Anaandikanga, "Mpendwa Ayuma," halafu kalamu inasimama. Nimeokota karatasi sita za namna hiyo chini ya kitanda.

Dada yako,
Jael


Shinyalu
8 Mei 1966

Kwa Dada Jael, shangazi wa mwanamume,

Ndiyo, umesoma vizuri. Ni mwanamume. Amezaliwa tarehe kumi na saba Aprili, Jumapili, watu wakitoka kanisani, kwa hiyo nililia mbele ya kijiji kizima wakiwa wamevaa viatu. Ana masikio yenu. Kichwa ni cha kwetu, nashukuru. Mama aliua ingokho mbili, kuku wa nyumbani, moja yangu na moja ya goti lake, anasema mchuzi unaingia kwenye mfupa.

Dada, keti nikueleze jinsi mtoto alivyopata jina, kwa sababu mpaka leo nywele zinanisimama.

Siku tatu alikataa ziwa. Alilia mpaka sauti ikakatika, akawa anafungua tu mdomo. Maziwa yalinijaa nikashikwa na homa. Mama akasema ni wa ukoo anayetaka jina, akamchukua mapajani akaanza kuwaita kama kawaida yetu. Akaita Shisanya. Mtoto akalia. Akaita Lihanda, akaita Cleophas yule aliyekufa akijenga reli, akaita Onesmus wa ndui. Wote kilio. Mama akafika mwisho wa wafu anaowakumbuka, akaanza kujilaumu kwamba kuna mtu amemsahau.

Mimi nikiwa kitandani nikamkumbuka yule ambaye Masinde alikuwa anamwita. Nikajiambia, huyu si wa ukoo, lakini ni nani anaitwa nyumbani humu kuliko yeye? Nikasema tu, kwa sauti ndogo, "Kibiwott." Dada, nakuapia kwa Mungu, mtoto alinyamaza. Nilimweka kifuani akashika ziwa kama mtu aliyetoka safari.

Mama alinung'unika kidogo, anasema tangu lini tunazaa Wanandi. Lakini alipoona anavyonyonya akasema, "Basi akae, mgeni akija hafukuzwi mlangoni." Sasa ndiye Kibiwott. Risper hawezi kutamka, anamwita Kiwoti.

Mimi naona Mungu ametuangalia. Rafiki yake aliyekuwa anamlilia amekuja nyumbani kwake. Masinde atakuwa anamwita na anaitikiwa. Hiyo si dawa kuliko sindano? Mwambie leo leo ukipata barua hii. Uniandikie uso wake ulikuwaje.

Wako,
Ayuma, mama Kibiwott


Nairobi
30 Mei 1966

Bibi yetu Ayuma,

Hongera. Hongera tena. Nimefurahi kwa ajili yako na Mama na Risper. Huku mvua ni nyingi, nguo hazikauki. Nimekutumia blanketi ya mtoto kwa mkono wa Beldina, anasafiri Ijumaa. Ina alama ya pasi upande mmoja, haionekani ukikunja.

Masinde anaendelea. Sasa daktari anampeleka uani wanapowasha lori, anakaa hatua tano, halafu nne, halafu mbili, mpaka jasho linamkauka akiwa pale pale. Kwenye hadithi yake anapita mahali alipokuwa anatapika. Wiki hii sikubeba ndoo hata mara moja.

Nimemwambia ana mwana. Aliuliza kama ana vidole vyote, akaomba penseli akachora duara, akasema, "Kichwa chake kiko hivi?" Nikasema kikubwa zaidi.

Jina sijamwambia. Mbadilishieni. Mpeni Lihanda, ni jina zuri, mzee alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa na kesi na mtu.

Jael


Shinyalu
19 Juni 1966

Kwa Dada Jael,

Blanketi imefika, asante. Sisi ni wazima. Mahindi yamefika kiuno, Risper sasa anasema sita lakini ameanza kuruka nane.

Nilisoma barua yako mara nne nikitafuta ukurasa uliopotea. "Mbadilishieni." Basi? Kama vile mtoto amevaa shati chafu? Umekaa Nairobi sana, Dada, unaona majina ya watu ni kofia za kutundika. Unajua wewe, umezaliwa katika nyumba hii, mtoto aliyekubali jina ukimnyang'anya kinachofuata ni nini. Ayuma mimi nimsikie tena akilia bila sauti? Hapana. Hata Mama aliyenung'unika sasa anasema hapana.

Ni kwa sababu ni Mnandi? Sikujua wewe ni mtu wa hivyo. Au ni wivu, kwamba nimeona mimi dawa ambayo daktari wako wa soksi hakuiona? Nisamehe, nimeandika kwa hasira na wino ni wa Hezekiah wa dukani, sitaupoteza kwa kufuta.

Niulize mara moja tu, na unijibu kama mwanamke kwa mwanamke. Kibiwott ana ubaya gani? Alikufaje?

Ayuma


Nairobi
11 Julai 1966

Bibi yetu,

Hasira yako nimeipokea, ni haki yako. Mimi si mtu wa hivyo na hakuna wivu. Kibiwott hana ubaya wowote. Wote waliomjua wanasema alikuwa mcheshi, anaimba vibaya, na akipata chai anagawa. Mtu mwenye ubaya si yeye.

Swali lako la pili siwezi kulijibu. Si kwa ajili ya kiapo cha matroni tu, kiapo hicho ningekivunja kwa ajili yako. Ni kwamba daktari amemwambia Masinde kuna kazi moja imebaki: jambo lile aliseme kwa mtu mmoja wa kwao, ana kwa ana, kwa hiari yake. Amechagua kukuambia wewe. Miezi mitano amekuwa akilitengeneza hilo neno mdomoni. Nikilitoa mimi kwa barua nitakuwa nimemwibia, na atabaki na nini?

Anatoka Ijumaa tarehe ishirini na mbili. Atafika kwa basi Jumamosi. Ayuma, nakupigia magoti hapa kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe. Siku akifika, mtoto aitwe chochote. Aitwe Mtoto. Aitwe Jumapili. Mama afundishwe, Risper afundishwe. Mpaka akuambie. Baada ya hapo utaamua mwenyewe, nami sitasema neno.

Jael


Shinyalu
14 Agosti 1966

Dada Jael,

Barua yako ya Julai nimeipata tarehe mosi Agosti. Hezekiah, ambaye sanduku lake la posta ndilo letu, alikuwa matangani Lugari wiki mbili, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Masinde alikuwa amefika siku tisa nyuma.

Nikuambie vile ilikuwa. Jumamosi saa tisa mchana. Alishuka na mfuko wake, amekonda lakini amesimama wima, na akanicheka. Dada, alinicheka! Alisema, "Ayuma, sasa umepungua, rudisha ile nyama." Risper alijificha nyuma ya Mama. Yeye hakumfuata, alichuchumaa mbali akanyoosha mkono wazi, kama walivyomfundisha huko, akangoja. Risper akaja polepole akamhesabia vidole. Akavifikisha kumi bila kuruka. Nilisema moyoni, imekwisha, tumepona.

Halafu Mama akatoka jikoni na mtoto, anacheza naye juu juu, anaimba, "Kibiwott, Kibiwott, baba amekuja! Kibiwott, msalimie baba!"

Nilimwona uso, Dada. Nilikuomba zamani uniandikie uso wake, sasa mimi ndiye naujua. Ulifungika kama duka. Aliuliza, "Nani alimpa?" Nikasema mimi, nikiwa bado natabasamu kama mjinga. Akasema, "Ulisikia wapi?" Nikasema, "Kwako." Alimpita Mama kwa mbali kama mtu anayepita moto, akaenda nyuma ya jiko. Lile shimo nilikuwa nimeanza kulijaza takataka. Alizitoa kwa mikono.

Siku nne hakuingia nyumbani. Siku ya tano nilikuwa napalilia maharagwe, akaja akasimama mstari wa pili, mgongo umenielekea, akasema bila kugeuka. Alianza na chai ya asubuhi. Nilitaka kumwambia chai niachie, nikakumbuka barua yako ya Aprili, nikamwacha aendelee.

Walikuwa kisimani, mahali pa miiba, mashifta wamewapiga risasi tangu adhuhuri. Yeye alikuwa zamu kando ya mawe. Kibiwott alitambaa kwenda kuwaletea wengine maji. Hakurudia njia aliyoendea. Masinde aliona miiba inatikisika. Kibiwott akasema, "Masinde, ni mimi." Dada, alimsikia. Anasema alisikia vizuri kabisa, sauti na jina lake, na kidole kikavuta. Risasi zilikuwa zinatoka pande zote, hakuna mtu aliyejua ni ya nani. Walimzika kama aliyeuawa na mashifta, na Masinde akashika upande mmoja wa machela.

Alipomaliza akasema, "Hiyo ndiyo. Sasa umeniletea Kibiwott nyumbani, umempa ziwa."

Niliendelea kupalilia. Niling'oa maharagwe badala ya magugu, mstari mzima, sikuona mpaka mwisho.

Nimekukasirikia na sijakukasirikia. Ungeniandikia mstari mmoja tu mwezi wa tano. Lakini hata mimi ningekuwa wewe ningeshika mdomo hivyo hivyo. Sasa niambie la kufanya. Mtoto akilia yeye anaziba masikio. Hajamgusa. Anasema nimwombee arudishwe hospitali, na macho yameanza kuruka. Nikimtoa mtoto jina naogopa atakufa. Nikimwachia, baba ndiye atakufa.

Ayuma


Nairobi
25 Agosti 1966

Ayuma wangu,

Nisamehe. Nimeandika hilo neno mara nyingi kwenye karatasi nyingine, halafu nikaona moja linatosha.

Nilimpelekea daktari habari yako. Alivua miwani, akaniambia nikuandikie hivi: hapa kitanda kipo na wakati wowote akija atapokelewa. Lakini kile alichokiacha nusu hakiko hapa. Huku amekisema kwa mtu anayelipwa kumsikiliza, na kwako amekisema kwa mtu anayempenda. Kuna watu ambao mpaka leo wanaamini mtoto wao aliuawa na mashifta. Daktari anasema hawezi kumlazimisha, na hajui wao watafanya nini. Nilimwambia hiyo si dawa, ni kumtuma mtu kwenye mapanga. Akasema, "Labda."

Mimi sina shauri. Nimeshauri vya kutosha mwaka huu.

Jael


Shinyalu
2 Oktoba 1966

Kwa Dada Jael,

Tuko hai. Naanza na hiyo maana najua vile unavyofungua bahasha siku hizi. Mama ni mzima, Risper ni mzima.

Nilimsomea Masinde barua yako akiwa shimoni, mimi nimekaa ukingoni na miguu ndani. Akasema, "Nyumbani kwake napajua. Alinichorea kwa kijiti, mpaka zizi." Nikasema tutakwenda wote, na mtoto. Akasema mtoto abaki. Nikamwambia, "Jina ni la kwao. Nikilificha nitakuwa nimeliiba." Hapo akakubali kwa kichwa.

Tulipanda basi ya Kapsabet alfajiri ya Alhamisi, tukashuka, tukatembea tukiuliza. Masinde alivaa shati la kawaida. Nilimwambia avae sare wamheshimu, akakataa. Saa tano tukafika. Nyumba nzuri ya nyasi, ukoka umeliwa na ndama. Mama yake Kibiwott anaitwa Jepchirchir, mrefu, anajua Kiswahili kuliko mimi. Mjane wake ni Chepkemoi, rika langu kabisa, na mgongoni alikuwa na msichana aliyezaliwa baada ya baba kufa. Walituandalia viti, wakasema, "Rafiki wa Kibiwott!" Walikuwa wanamjua kwa jina, Dada. Alikuwa akiwaandikia habari zake. Chepkemoi alikimbia kuleta maziwa ya kibuyu.

Masinde hakunywa. Alisimama akasema yote, tangu chai. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alipofika kwenye miiba aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akasema maneno yale, "Masinde, ni mimi," akasema na kilichofuata. Halafu akasema, "Si mashifta. Ni mimi."

Chepkemoi alilia hapo hapo, akamrushia kibuyu, kikampiga kifuani, maziwa yakammwagikia. Masinde hakujipangusa. Yule mama hakulia. Aliuliza swali moja: "Alikufa upesi?" Masinde akasema, "Hapana." Nilitamani aseme uongo, kidogo tu.

Basi ikawa zamu yangu. Nilimweleza vile mtoto wangu alivyokataa ziwa na vile tulivyoita. Niliposema jina, mama yule aliinuka. Nikafikiri ananipiga. Akaja akamfunua mtoto uso, akamwangalia muda mrefu.

Akasema, "Sisi pia tunaita. Mtoto wetu akizaliwa tunaita wazee mpaka apige chafya, ndipo tunajua ni nani. Huyu wa Chepkemoi niliita wazee wote, mwisho nikamwita mwanangu. Siku mbili nilimwita. Hakupiga chafya. Nikasema mwanangu amepotea huko mchangani, hajui njia." Akanitazama. "Kumbe mlikuwa naye ninyi."

Nilisema tu, "Sikujua, Mama."

Akasema, "Najua hukujua. Nirudishie."

Nilimpa mtoto wangu. Kwa mikono hii nilimpa mwanamke ambaye mwanawe aliuawa na bwana yangu. Masinde alipiga hatua moja, nikamzuia. Yule mama aliketi chini, akamwambia mtoto kitu sikioni kwa Kinandi, maneno mengi, kama mtu anayembembeleza mwingine atoke nyumba ya watu. Alichovya kidole kwenye maziwa yaliyobaki akamlambisha. Halafu akanirudishia, akasema, "Nimemchukua wangu. Huyu ni wako mtupu. Nendeni sasa, kabla ndugu zake hawajarudi malishoni."

Masinde alitaka kusema kitu. Akamkatiza. "Wewe usije tena hapa. Sitakuona kama mtu nyumbani kwangu. Lakini umekuja, na hakuna aliyekuleta kwa kamba. Hilo nitawaambia."

Tulishika njia. Nilikuwa namgusa mtoto kila hatua, nikisikiliza pumzi. Kwenye kijito kabla ya barabara nikakaa. Mtoto akaamka. Nikajua sasa ataanza kile kilio. Nilimweka kifuani. Alizungusha kichwa, akatafuta, akashika. Ndipo nililia, nikalia mbele ya Masinde kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Yeye alingoja mtoto ashibe, akamchukua, na hatukubadilishana mpaka nyumbani. Mabega yalikuwa yamemkakamaa kama anabeba maji yaliyojaa pomoni. Shati lilinuka maziwa yaliyochacha.

Sitakudanganya kwamba amepona. Ametoka shimoni lakini analala jikoni, si kitandani. Juzi lori la mawe lilipita akalala chini kwenye maharagwe, akainuka, akajipangusa, akaendelea. Usiku haitangi jina tena. Siku nyingine anaongea, siku nyingine haongei, na leo haongei.

Mtoto hana jina. Mama anataka tuite tena, mimi nimesema tungoje. Kama akikataa ziwa, kama akilia ule mlio, tutaita. Mpaka sasa hajalia. Masinde ndiye anayeogopa kuliko sisi wote. Kila siku, kazi ikiisha, anaketi karibu na mkeka wa mtoto, mikono magotini, hafanyi kitu. Nilimuuliza anafanya nini hapo. Akasema anasikiliza.

Ayuma